Wageni wamefika, mwenyeji yuko wapi?



Ndugu msomaji, sifa zote njema ni za Allah (SW) aliyetufikisha katika kumi hili la mwisho la Ramadhani. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake na maswahaba wake. Gazeti hili likikufikia mkononi, zitakuwa zimesalia siku chache tu kabla ya Idi. Katika nyumba nyingi mazungumzo yamekwisha kuhama. Yametoka kwenye swala za usiku, yamekwenda kwenye mchele, nyama, nguo za watoto na hesabu ya wageni. Wiki hii naomba tuzungumze jambo ambalo akina mama wengi hulificha kwa aibu: hali ya kuwa na wageni mlangoni huku nyumba imevurugika, kichwa kimevurugika, na hujui uanzie wapi.

Nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe.

Mwaka jana mimi na mume wangu tuliwaalika ndugu waje kula nasi chakula cha jioni, Idi pili. Tulipowahesabu walikuwa 14, wakubwa kwa watoto. Niliazimia kupika pilau ya mbuzi, kuku wa kupaka, sambusa, katlesi, kachumbari, mkate wa sinia, kaimati na juisi ya ukwaju. Aina 8, kwa mikono miwili. Sikuandika chochote, kwani niliamini kuwa yote yamo kichwani. Mwezi 29 jioni nilijiambia kuwa huenda tukakamilisha 30, hivyo bado nina siku moja mkononi. Usiku ule mwezi ukaandama, na siku niliyoitegemea ikatoweka.

Asubuhi ya Idi mosi sikwenda kuswali. Nilibaki nyumbani nikipika tambi na kuchoma vitumbua vya watoto wa jirani, nikizisikia takbira kupitia dirisha la jiko. Idi pili niliamka nyama ikiwa haijanunuliwa, na bucha ya karibu ilikuwa imefungwa. Saa tano umeme ukakatika kabla sijasaga thaumu na tangawizi. Alasiri mtungi wa gesi ukaisha, kuku akiwa bado mbichi mifupani. Nikawasha jiko la mkaa uani, moshi ukinitoa machozi, huku nikiwagombeza watoto waliokuwa wamevaa nguo zao mpya na ambao kosa lao lilikuwa ni furaha tu. Mume wangu aliniuliza kama anisaidie. Nilimjibu jibu ambalo sipendi kuliandika hapa.

Miongoni mwa wageni alikuwemo wifi yangu. Mumewe alikuwa amefariki mwaka ule ule, naye alikuwa ametoka eda wiki chache tu zilizopita. Ilikuwa Idi yake ya kwanza bila ya mwenzake. Alifika saa kumi jioni, kabla ya wageni wote. Akaja hadi mlango wa jiko, akasema, "Wifi, nikushikie nini?"

Nikamwambia, "Hapana wifi yangu, wewe leo ni mgeni. Kapumzike ukumbini."

Nilidhani kuwa namheshimu.

Chakula kilipakuliwa saa tatu usiku. Wageni walikula, wakaisifu pilau. Mimi sikuketi. Nilikuwa nikienda na kurudi, nikiongeza mchuzi, nikitafuta vijiko. Nilipopata nafasi ya kunawa na kutoka ukumbini, wifi alikuwa ameshaondoka. Binti yangu mwenye umri wa miaka 9 ndiye aliyeniambia, "Mama, shangazi alikuwa analia barazani. Aliniuliza kama bado una kazi."

Nilisimama pale na kitambaa cha kufutia mikono. Masinia yalikuwa matupu na kila mtu alikuwa ameshiba. Chakula kilimfikia kila mgeni, lakini mimi mwenyewe sikumfikia hata mmoja.

Heshima ya mgeni ni ipi?

Sote tunaijua hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (RA), ambamo Mtume (SAW) ameifungamanisha imani ya Allah na Siku ya Mwisho na kumkirimu mgeni. Hadithi hiyo tumeibandika kwenye kuta zetu. Swali ni je, kukirimu ni kufanya nini?

Tutazame kisa cha Nabii Ibrahim (AS) katika Suratu Hud na Suratudh-Dhaariyaat. Walimjia wageni asiowajua. Aliwarudishia salamu, akaondoka taratibu kwenda kwa ahali zake, akarejea bila ya kukawia na ndama wa kuchoma, akawasogezea karibu. Zingatia mambo mawili. Kwanza, alileta kilichokuwepo, cha aina moja, kizuri, na kwa haraka. Pili, alikuwepo yeye mwenyewe mbele ya wageni wake, na mkewe alikuwa amesimama karibu kiasi cha kuisikia bishara ya Is-haka ilipotolewa. Nasi tunajua kuwa wageni wale walikuwa Malaika, na mikono yao haikukifikia chakula kile. Hata hivyo ukarimu wa Ibrahim umetajwa katika Qur'an na tunausoma hadi leo. Kumbe ukarimu ulikuwa umekwisha kutimia kabla ya tonge la kwanza.

Wahenga wetu nao walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni asiyeketi naye.

Nilipojiuliza kwa ukweli ni nani aliyeomba vyakula 8, sikumpata. Hakuna mgeni aliyeviomba. Niliviomba mimi, kwa sababu mwaka juzi niliona sinia la mtu mwingine. Wanazuoni wanakuita huku kujikalifisha, na Bukhari amepokea kutoka kwa Umar (RA) kuwa maswahaba walikatazwa jambo hilo. Mtu anayejikalifisha hukosa utaratibu hata kama ni hodari, kwa kuwa amejitwika zaidi ya uwezo wake. Dada yangu, pengine si kweli kwamba wewe ni mvivu au hujui kupanga. Pengine umepanga kwa ajili ya macho ya watu, na macho ya watu hayashibi.

Kuna hasara nyingine iliyo kubwa zaidi. Ummu Atiyya (RA) ameeleza, katika hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa waliamrishwa kuwatoa wanawake siku ya Idi, mabinti wa ndani na hata walio katika hedhi, ili washuhudie kheri na dua ya Waislamu, ingawa wenye hedhi hukaa kando na mahali pa kuswalia. Basi ikiwa Mtume (SAW) amemtoa mwanamke nyumbani asubuhi ya Idi, ni nani aliyemrudisha jikoni?

Utaratibu wa mwaka huu

Mwaka huu nimeanza na karatasi. Nimeandika kila kitu na kuibandika kwenye mlango wa jiko, kwa kuwa jambo lililoandikwa linaweza kufanywa na mtu mwingine, bali lililomo kichwani mwangu litaningoja mimi tu. Mstari wa kwanza wa karatasi hiyo hauhusu wageni. Unahusu Zakatul-Fitri, ambayo inatakiwa itolewe kabla ya watu kutoka kwenda kuswali Idi. Ni pishi moja kwa kila mtu, takriban kilo 2.5 hadi 3 za chakula. Sisi tuko 6, hivyo ni kilo 15 hadi 18 za mchele. Katika pilikapilika za maandalizi ni rahisi sana kukumbuka iliki na kuisahau zaka. Mchele wa maskini ununuliwe kwanza, wa wageni ufuate.

Jambo la pili ni mwezi. Sikukuu yetu hutangazwa usiku, ikafanyika kesho yake. Hiyo ni hikma ya Mola wetu, nasi hatuna budi kupanga kwa kuifuata. Jiandae kana kwamba Ramadhani ina siku 29. Ikikamilika 30, umeongezewa siku ya funga na ya dua, hukuongezewa siku ya kusaga viungo.

Jambo la tatu ni kupunguza. Vyakula 8 nimevifanya 4: pilau, kachumbari, ndizi mbivu na juisi ya ukwaju. Kwangu mimi kilo 1 ya mchele hutosha watu 7 au 8 wakiwemo watoto, basi kwa wageni 14 na sisi wenyewe nitapika kilo 3 za mchele kwa kilo 3 za nyama, na jirani atapata sahani yake. Ukipika kitu kimoja kikawa kizuri, hakuna atakayeuliza cha pili.

Jambo la nne ni kutenganisha kazi zinazoweza kutangulia na zile zisizoweza. Bizari nzima, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga huweza kuchaguliwa, kukaangwa kidogo na kutwangwa wiki nzima kabla, zikakaa katika chupa kavu yenye kifuniko. Thaumu na tangawizi zilizotwangwa hukaa siku kadhaa ndani ya friji. Ukwaju huchemshwa na kuchujwa siku moja kabla. Kama hamwezi kuikosa sambusa, zifungeni mchana mmoja wa Ramadhani mkiwa wengi, zigandishwe zikiwa mbichi. Lakini kachumbari haitangulii, itachuja maji. Nyama isinunuliwe mapema kama huna friji la kutegemea. Na pilau isipikwe asubuhi ikangoja usiku, kwa kuwa wali uliokaa saa nyingi katika joto la kawaida huweza kuwaumiza watu matumbo hata ukipashwa moto. Wageni wakija baada ya Magharibi, nyama iwekwe motoni baada ya Adhuhuri, kachumbari ikatwe baada ya Alasiri, na mchele uingie sufuriani saa kumi na moja. Adhana ikiadhiniwa, pilau iwe imefunikwa na makaa yako juu ya kifuniko, nawe uko msalani.

Jambo la tano, na kwangu ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, ni kugawa kazi. Bi Aisha (RA) alipoulizwa Mtume (SAW) alikuwa akifanya nini nyumbani mwake, alieleza kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahali zake, na ulipofika wakati wa swala alitoka kwenda kuswali. Hadithi hiyo imo katika Bukhari, nami nimeisoma kwa sauti mezani baada ya futari. Mume wangu amechukua nyama, mkaa, na mtungi wa gesi wa akiba. Mwanangu wa kiume mwenye miaka 15 atatandika mikeka, atawanawisha wageni mikono kwa birika na beseni, na ataosha masinia watu wakishakula. Alicheka, akasema rafiki zake watamwona. Baba yake akamjibu, "Waone. Nitakuwa nikiosha pamoja nawe." Binti yetu atapanga glasi na kumenya ndizi. Kazi zao hazitakuwa kama zangu. Glasi moja inaweza kuvunjika. Nimejizoeza kusema kuwa glasi iliyovunjwa na mtoto anayejifunza ni nafuu kuliko mama aliyevunjika peke yake.

Mambo yakivurugika hata hivyo

Nawajua wasomaji watakaosema: mimi nimeshachelewa, karatasi sikuandika, wageni watafika baada ya saa moja. Kwako dada yangu nina maneno machache.

Zima unachokipika kwa dakika tano, uende kutia udhu. Maji yale yatakutuliza. Kisha safisha sehemu mbili tu, choo na mahali wageni watakapoketi. Vilivyobaki vitie chumbani ufunge mlango. Hakuna mgeni mwenye adabu atakayeufungua. Weka tende na maji ukumbini, kwani mgeni aliyepewa tende na maji anaweza kungoja. Itazame pilau: kama haitawahi, iache. Wali na mchuzi wa kilichopo ni chakula cha heshima. Mtume (SAW) ametufundisha kuwa chakula cha watu wawili kinawatosha watatu, na cha watatu kinawatosha wanne. Nasi tumeliona hilo kwenye masinia yetu mara nyingi. Umwombe jirani anachoweza kukuazima bila kuona haya, kwani kesho utamwazima wewe.

Kisha waambie wageni ukweli. Sema, "Mtatuwia radhi, leo tumechelewa kidogo." Maneno hayo hayakupunguzii heshima. Kinachomtia mgeni unyonge ni kukuona umenuna akadhani kuwa sababu ni yeye. Mgeni akikwambia, "Nikushikie nini?" basi mpe kitu ashike. Mpe kisu na kitunguu, mpe mtoto wa kubeba. Anayeomba kazi jikoni mwako mara nyingi anaomba nafasi ya kuwa karibu nawe. Hilo ndilo sikulielewa mwaka jana, na hasa kwa mtu aliye na msiba, ambaye mikono mitupu ukumbini humrejesha kwenye huzuni yake.

Na nyinyi akina baba, neno langu kwenu ni fupi. Msialike watu njiani mkarudi nyumbani na hesabu mpya bila ya kushauriana. Na chakula kikichelewa au chumvi ikizidi, kumbukeni kuwa Mtume (SAW) hakuwahi kukitia chakula kasoro. Akikipenda alikila, na asipokipenda alikiacha. Mke anayesubiri kuhukumiwa mbele ya wageni hawezi kupika kwa utulivu.

Wifi yangu

Mwanzoni mwa Ramadhani hii nilikwenda kwa wifi yangu kumwomba radhi. Sikujua nianze vipi, nikaanza na pilau ile. Alinisikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Wifi, chakula nilikuwa nacho nyumbani. Siku ile nilitaka tu kukaa na mtu anayemkumbuka."

Tukamkumbuka siku hiyo, sote wawili, hadi karibu na Magharibi. Namna alivyokuwa akiwagawia watoto sikukuu kwa noti mpya, na namna alivyokuwa akisema kuwa ukoko wa pilau ni haki ya aliyekuja mapema. Wifi alicheka, na mimi nikalia, kinyume na nilivyotarajia.

Mwaka huu amealikwa Idi pili kama wengine, ila yeye nimemwomba afike saa nane mchana. Nimemwambia kuwa mchele bado utahitaji kuchaguliwa. Kwa kweli siku hizi mchele tunaonunua hauna mawe mengi, lakini ungo utakuwepo, na mkeka wa jikoni una nafasi ya watu wawili. Kama pilau itachelewa kwa sababu hiyo, wageni watakula tende.

Ndugu msomaji, kabla hujaandika orodha ya vyakula, andika orodha ya watu. Mtazame mmoja mmoja: yupi amefiwa, yupi ameachika, yupi hana mzazi wa kumpa mkono wa Idi, yupi amekuja mjini juzi na hana ndugu. Kisha jiulize utaketi lini na huyu. Ukishapata jibu, ndipo uhesabu kilo za mchele. Utashangaa jinsi kazi zitakavyopungua.

Tunamwomba Allah (SW) atutakabalie funga zetu na visimamo vyetu, awarehemu waliotutangulia ambao Idi iliyopita au ile ya kabla yake tulikuwa nao kwenye sinia moja, na azijaalie nyumba zetu ziwe na nafasi kwa kila anayebisha hodi.

Wabillahi tawfiq.